Ndege Imerudi, Rubani Hajarudi

Kiwanja kile kilijengwa kwa ajili ya ndege ndogo za watu wachache, na asubuhi hiyo kilikuwa kimemezeshwa abiria wa ndege kubwa kadhaa kwa mpigo. Ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Watoto walilala juu ya mabegi, wanaume waliofunga tai walikaa sakafuni wamekunja miguu, na foleni ya chai kwenye kibanda pekee ilizunguka nguzo ikarudi pale ilipoanzia. Kila mtu alikuwa na simu sikioni akimweleza mwenzake kwamba hayuko pale alipopaswa kuwa, na wengi, ukiwasikiliza vizuri, walikuwa hawaaminiwi.

Katika foleni hiyo alisimama dada mmoja aliyevaa gauni la bluu iliyokolea na viatu vya kisigino kifupi, nywele amezisuka mistari myembamba na kuzibana nyuma. Alikuwa mzuri, tusifichane, lakini uzuri wake ulikuwa wa kutazamwa kwa mbali, kwa sababu ya yale macho. Yalikuwa macho ya kupima. Kazi yake ilikuwa kukagua madai ya bima. Mtu akisema gari lake limegongwa na ng'ombe, yeye ndiye aliyekwenda kumtafuta ng'ombe.

Mbele yake alikuwa kijana mrefu wa shati jeupe lenye mistari mitatu begani, na doa dogo la kahawa kifuani alilokuwa akijaribu kulifunika kwa tai.

"Samahani, kaka. Wewe ni rubani?"

"Msaidizi wa rubani," alijibu akigeuka.

"Ndiwe uliyetuleta hapa?"

"Kwa kusaidiana na kapteni."

"Kwenye kipaza sauti mmesema ni sababu za kiutendaji. Hiyo ni lugha gani?"

Kijana akacheka, akatazama kulia na kushoto. "Ni lugha ya kumnyamazisha abiria. Unataka ya kweli?"

"Sijauliza ya uongo."

"Nyumbani kuna ukungu, hatukuiona njia ya kutua. Ndege hubeba mafuta ya kufika, ya kuzunguka kidogo kusubiri, na ya kwenda kiwanja kingine mambo yakiwa mabaya. Tulizunguka, ukungu ukagoma. Tukabaki na mafuta ya kuja hapa, basi tukaja hapa."

"Na mngeng'ang'ania?"

"Tusingekuwa tunazungumza sasa hivi."

Dada alimkazia macho akitafuta mahali pa kushika. Watu wakidanganya huongeza mapambo, humtaja Mungu, hushika pua. Huyu hakushika chochote ila doa lake la kahawa. Ilikuwa siku nyingi hajapewa jibu lisilo na mapambo, na lilimwingia moyoni kabla hajajua limepita wapi.

"Mbona hamwaelezi watu hivyo?"

"Wakisikia neno mafuta, nusu yao watapanda basi."

"We msaidizi!" Mama mmoja wa makamo, nywele fupi zenye mvi na mistari minne ya ukapteni begani, alipita nyuma yao mikono mfukoni. "Chai yangu usitie sukari. Na uache kumwaga siri za kampuni kwa sababu ya gauni la bluu."

Kijana akainamisha kichwa kwa aibu. Dada, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo, akacheka mpaka watu wakageuka.

"Una mke?" akamuuliza pale pale, kwa sauti ile ile ya kuuliza habari za ng'ombe.

"Sina."

"Mchumba?"

"Sina, dada. Na hilo pia ni la kweli."

Ukungu ulipoondoka na watu wakaanza kusukumana kurudi ndani ya ndege, namba yake ya simu ilikuwa tayari kwenye simu ya yule msaidizi.

Mapenzi yao yalikulia kwenye simu, maana mmoja alikuwa hewani na mwingine alikuwa akizunguka magari yaliyopondeka. Kijana alipiga akiwa kwenye gari la wafanyakazi, akiwa hotelini akipiga pasi shati, akiwa anasubiri mizigo ipakiwe.

"Mkaguzi wangu, umeamkaje?"

"Nimeamka na mashaka."

"Juu ya nani leo?"

"Kuna bwana anadai ameibiwa jokofu kupitia dirishani."

"Dirisha lenyewe lina ukubwa gani?"

"Ona! Ndiyo maana nakupenda, Msaidizi. Unauliza vizuri."

"Umesema unanipenda? Rudia, hapa kuna kelele."

"Hakuna kelele yoyote. Kata simu ukafanye kazi."

Walipoonana ilikuwa kwenye mgahawa mmoja wa ghorofani karibu na ofisi ya dada, meza ya pembeni, yeye na gauni jipya kila mara na kijana na manukato yaliyomtangulia ngazini. Walikula, wakashikana mikono chini ya meza kama watoto wa shule, wakaachana kwa shida. Mara mbili tatu kijana hakutokea. Alipiga simu akasema ndege imegeuzwa njiani, mara kwa sababu ya radi, mara kwa sababu abiria mmoja aliugua ghafla wakatua mji wa karibu kumshusha. Dada alisema, "Pole, mpenzi," kisha akakaa na sahani yake akiyapima maneno hayo moja moja.

Nyumbani waliishi watatu: yeye, mama yake aliyeshona sare za shule, na mama mdogo aliyekuwa na saluni, pamoja na maoni kuhusu kila mwanamume aliyewahi kupita mbele ya saluni hiyo.

"Rubani?" mama mdogo alisema siku alipoambiwa, akaweka kitana chini. "Mwanangu, hao wana taulo kila mji."

"Huyu hayuko hivyo, mama mdogo."

"Hata baba yako mdogo hakuwa hivyo, mpaka nilipokutana na mwanamke sokoni amevaa viatu vyangu."

"Usimtie mtoto sumu," mama akasema huku sindano iko mdomoni.

"Simtii sumu, namtia miwani. Lete simu yako hapa. Kuna programu, mteja wangu mmoja kanionyesha. Unaandika namba ya ndege, unaiona inatembea kwenye ramani kama sisimizi. Akikwambia yuko mahali fulani, unaangalia sisimizi wake yuko wapi."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Dada aliiweka ile programu kwa kisingizio cha mzaha. Kijana akisema anaelekea mji fulani, yeye alifungua ramani, na kweli sisimizi alikuwa njiani. Akisema wamechelewa kuondoka, kweli sisimizi alikuwa amesimama. Ungedhani mtu akikuta ukweli mara zote atachoka kuchungulia. Wapi! Kila alipomkuta msafi alijisikia kama aliyefika amechelewa, mwizi ameshafuta nyayo. Alichungulia akiwa kazini, akachungulia akiwa jikoni, sufuria ikaungua.

"Namwamini," alijiambia. "Nahakikisha tu." Wanaoyajua mapenzi wanajua kwamba maneno hayo hayakai nyumba moja.

Kijana hakuwa na habari. Yeye alikuwa ameshakata shauri. Alimwambia mjomba wake, ndugu pekee aliyemlea, kwamba anataka kuoa, na wakapanga waende pamoja kwa mama wa yule dada siku ya Jumamosi, chakula cha mchana, wajitambulishe na kusema walilonalo.

"Mama yako anapenda watu wa namna gani?" kijana aliuliza kwenye simu siku ya Alhamisi.

"Wanaofika kwa wakati."

"Usinitanie, mpenzi. Sijui hata nianze vipi. Nikimwambia nakupenda ataniona sina adabu, nisipomwambia ataniona sina nia."

"Wewe unarusha chuma kizito hewani, unamwogopa mshona sare?"

"Chuma hakina binti," alijibu.

Aliomba ruhusa ya Jumamosi, akanyimwa, ila alipangiwa safari ya kurudi asubuhi. Angetua, angebadili nguo, angefika kabla chakula hakijapoa.

Jumamosi ilipofika nyumba iling'aa. Mama alikuwa ameshona mapazia mapya rangi ya maziwa. Dada alivaa gauni la zambarau lililomkaa sawasawa, na hereni ndogo za dhahabu. Mjomba alifika mapema mno, mzee mkimya, suti ya kahawia inayonuka kabati, akakaa kwenye kochi magoti yameshikana kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Mama mdogo alikaa kwenye kiti kinachotazama mlango.

Simu ikalia.

"Mpenzi, tumegeuzwa."

"Umesema?"

"Kuna ndege ndogo imepasukiwa na gurudumu katikati ya njia hapo nyumbani. Wamefunga njia. Tuko kule tulikokutana." Sauti yake ilikuwa nzito, inajikokota.

Dada akatazama nje. Jua lilikuwa linawaka kana kwamba limelipwa.

"Utakuja lakini?"

"Wakifungua njia, nakuja. Mwombee radhi mama. Mwombee na mjomba. Mpenzi, mimi..." Akanyamaza. "Basi. Nakuja."

Lile neno lililokatika dada alilichukua akaliweka kando, pamoja na ile sauti nzito, kama anavyoweka kando vitu vya kurudia baadaye kwenye eneo la ajali.

Wakasubiri. Chakula kilifunikwa, kikafunuliwa, kikafunikwa tena. Mama alimuuliza mjomba habari za mvua, mjomba akajibu kwamba si mbaya. Adhuhuri ikapita. Ndipo mama mdogo, aliyekuwa ameishika simu ya dada kama redio ya mpira, alipopiga kelele, "Sisimizi anatembea!"

Wote wakainama juu ya ile simu, hata mjomba. Ndege iliondoka kule, ikapanda, ikakata ramani polepole, ikatua nyumbani salama. Mama akakimbilia jikoni kupasha chakula. Dada akaenda kwenye kioo cha chumbani kurekebisha rangi ya midomo, akijiona mjinga kwa mashaka yake yote.

Wakasubiri tena. Kutoka uwanjani hadi pale si mbali. Simu ya kijana ilikuwa imezimwa. Chakula kikapoa mara ya pili.

"Labda magari ni mengi barabarani," mjomba alisema.

"Labda," mama akajibu.

"Ndege imerudi, rubani hajarudi," mama mdogo akasema taratibu, akifurahia kila neno na kuumia nalo pia, maana lilimrudisha mbali. "Sasa ilikuwa inajiendesha yenyewe?"

Mjomba alisimama, akavuta koti lake, akasema hajui la kusema, na kwamba kijana wake hakulelewa hivyo. Mama alimsindikiza mpaka mlangoni. Aliporudi alianza kukusanya sahani safi, na dada aliyaona machozi aliyokuwa akiyaficha kwa kuinama. Aibu ile ilimkata kuliko yote. Angeweza kuvumilia kudanganywa yeye, lakini si mama yake, aliyeshona mapazia.

Wakachukua teksi, yeye na mama mdogo, mpaka uwanjani, kwenye mlango wa pembeni wanakotokea wafanyakazi. Walikuwa bado hawajashuka vizuri, kapteni, aliyecheleweshwa na kuandika ripoti ya safari, akatoka akivuta begi lake, na nyuma yake kijana mmoja mnene wa mistari mitatu ambaye hawakumjua.

"Shikamoo, kapteni."

"Marahaba. Ah! Gauni la bluu. Leo zambarau."

"Msaidizi wako yuko wapi?"

Kapteni alimtazama, akamtazama mama mdogo aliyekuwa amekunja mikono kifuani. "Amebaki."

"Kwa nini?"

"Hilo ni lake kukwambia, mwanangu."

"Lakini ni mzima?"

"Mzima kabisa." Na hapo kapteni akatabasamu kidogo, pembe moja ya mdomo, akaenda zake.

"Umeliona lile tabasamu?" mama mdogo akanong'ona. "Huyo anajua kila kitu."

Jua lilikuwa linazama kijana alipopiga simu.

"Mpenzi, nisamehe. Naomba unisikilize. Saa zangu za kazi ziliisha. Tuna sheria, mtu haruki kupita saa zake. Wakaleta rubani mwingine."

"Na kapteni?"

"Kapteni?"

"Asubuhi mliingia kazini pamoja?"

"Ndiyo."

"Mkaruka pamoja, mkageuzwa pamoja, mkasubiri pamoja."

"Ndiyo, mpenzi, lakini..."

"Saa zako zikaisha, zake hazikuisha. Nimemwona kwa macho yangu anatoka."

Kijana akasema polepole, "Ulikwenda uwanjani?"

"Jibu."

"Ulikwenda kunichunguza?"

"Nimekuuliza swali, Msaidizi."

"Nitakueleza tukionana."

"Wote husema hivyo. Wanaomba muda wa kupanga maneno." Akakata simu, akaizima, akalala kifudifudi na gauni lake la zambarau.

Wiki nzima hakupokea simu zake. Meseji alizisoma zote, hakujibu hata moja. Uongo alikuwa nao mkononi, umeshikika. Lililokosekana lilikuwa kilichofichwa nyuma yake, na alishamjengea sura: mwanamke wa mji ule mdogo, mrefu kuliko yeye, mwenye nyumba ya ua na labda mtoto. Alimvalisha hadi viatu. Kama mwanamke huyo yupo, mapenzi yameisha. Kama hayupo, basi ni kitu gani kilichomfanya mtu aliyemwambia habari za mafuta bila kupepesa macho amdanganye siku kubwa kuliko zote? Hakuweza kuishi katikati ya hayo mawili.

Akafanya alichojua kufanya. Jumamosi iliyofuata alimwambia mama anakwenda kazini, akavaa suti ya kijivu anayovaa kwenye ukaguzi, akapanda ndege ya kwenda kule.

Mbele ya kiwanja palikuwa na hoteli moja tu, kuta za kijani, inanuka dawa ya sakafu. Mapokezi alikaa mwanamke mnene mchangamfu mwenye hereni kubwa.

"Namuulizia rubani aliyelala hapa Jumamosi iliyopita."

"Aliyelala!" Yule mwanamke akapiga makofi. "Dada yangu, kulala tunalala sote. Yule alizimika. Ule ulikuwa usingizi wa pono."

"Alikuwa na nani?"

"Na begi lake."

"Hakuna mwanamke aliyekuja kumtafuta?"

"Alikuja."

Akashika kaunta.

"Mama mmoja mwenye mvi, sare kama yake," yule mwanamke aliendelea. "Ndege ilikuwa imepata rubani mwingine, wanataka kuondoka naye akae kama abiria. Akagonga, akaita, wapi! Nikafungua kwa ufunguo wangu. Tukamkuta amelala na viatu miguuni, kofia iko kifuani, simu imezimika kwa kukosa chaji. Nikasema nimwagie maji? Yule mama akasema mwache. Akasema huyu ameniambia mwenyewe kwamba amechoka, hawezi kurusha watu, na wangapi wana moyo wa kulisema hilo. Mwache alale."

"Amechoka na nini?"

"Si mama mkwe! Hakulala siku mbili anamwogopa mama mkwe. Nilipompelekea chai kabla hajalala nilimkuta anaongea na kioo. 'Mama, mimi sina maneno mengi.' Anasema hivyo, halafu anaongeza maneno mengi, anakosea, anaanza upya. Kapitiwa na usingizi bado anaanza upya." Akamtazama dada vizuri. "Wewe ni nani wake?"

Dada alicheka, kisha machozi yakamtoka, kisha akaomba kiti. Mezani kwake zilipita kila mwezi habari za madereva waliosema niko sawa, nafika tu, na yeye ndiye aliyekwenda kupima alama za matairi yao barabarani. Mpenzi wake alikuwa amesema hayuko sawa, ingawa kulisema kungemchelewesha kwenye meza ya mama mkwe. Na yeye alikuwa akimtafutia mwanamke na kumvalisha viatu.

Lakini uongo ulikuwa bado upo. Alirudi nao kwenye ndege ya alasiri, ameukalia.

Walikuwa karibu kufika, amekwisha kuziona nyumba za kwao, ndege ilipoanza kuzunguka. Upepo ukaitikisa mpaka vikombe vikaruka, mtu akapiga yowe, bibi wa kiti cha pembeni akamshika dada mkono bila kuombwa. Wakazunguka tena. Halafu nyumba zikapotea, na kipaza sauti kikasema kwamba, kwa sababu za kiutendaji, wanaelekea mji mwingine.

Ukumbi wa huko ulikuwa mkubwa, lakini watu walikuwa wale wale: sakafuni, kwenye mabegi, simu sikioni. Dada akasimama karibu na nguzo akampigia mama.

"Mama, nitachelewa. Ndege yetu imegeuzwa."

"Ndege? Kazini kwenu kuna ndege?"

"Nilisafiri kidogo, mama. Sasa hali ya hewa..."

"Uliniambia uko ofisini."

"Najua."

"Uko wapi hasa? Uko na nani?"

"Niko peke yangu, mama, naapa." Akajisikia anavyoapa, na akajua mtu wa kazi yake angeandika nini juu ya mtu anayeapa.

"Leta nimsikie!" Hiyo ilikuwa sauti ya mama mdogo kwa nyuma. "Sisimizi gani huyo asiye na namba?"

"Nyamazeni kwanza," mama akasema. "Mimi siyajui haya ya ndege. Ngoja nikupe mtu anayeyajua."

"Haloo," ikasema sauti ya Msaidizi.

Dada akaiondoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Nimekuja kumwomba mama radhi," kijana akasema. "Hupokei simu, nikaona nije mwenyewe. Nimemweleza yote, mbele ya mama mdogo." Akakohoa. "Uko kiwanja gani?"

Akamtajia.

"Sawa. Hapa kuna upepo umeng'oa mabati. Rubani wenu amefanya vizuri kuondoka. Mama, usiwe na wasiwasi, ni mzima, atarudi upepo ukitulia." Kisha sauti ikashuka. "Mlikuwa mnatoka wapi?"

Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi wake. Safari ya kazi. Kuna gari limegongwa. Lilikuwa jibu zuri, halina kasoro, na hakuna ambaye angekwenda kulikagua. Aliwatazama watu wa ukumbini, kila mmoja na simu yake, akavuta pumzi.

"Nimetoka kule tulikokutana. Nilikwenda kukukagua. Hotelini. Nilikwenda kutafuta mwanamke."

Dada alimsikia kijana akipumua tu, na akajua pengine hiyo ndiyo sauti ya mwisho atakayoisikia kutoka kwake.

"Umemkuta?" kijana akauliza mwishowe.

"Nimekuta ulilala na viatu."

"Basi unajua."

"Mbona hukuniambia? Ungesema nimechoka, nimelala, nimeachwa na ndege. Ningecheka tu."

"Ungecheka, ndiyo." Sauti yake ilikuwa na uchungu. "Siku ya kwanza uliniuliza, nikakujibu, ukanitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa. Nikaona huwezi kumtazama hivyo mtu aliyemwacha mama yako na chakula mezani kwa sababu ya usingizi. Nikatafuta sababu yenye heshima. Nilikosea. Lakini na wewe, mpenzi, umeniumiza. Kila nilichokwambia ulikuwa unakwenda kukitazama mahali. Mama mdogo amenionyesha ile ramani, mwenyewe akidhani ni jambo la kujivunia."

"Mimi sikujua kama ni siri," mama mdogo akalalamika huko nyuma.

"Nisamehe," dada akasema. Alikuwa analia wazi wazi, na bibi wa ndegeni, aliyekuwa amemfuata mpaka kwenye nguzo, akampa kitambaa bila kuuliza. "Nimefuta ile programu? Hapana, bado, sitakudanganya. Nitaifuta. Mashaka siwezi kukuahidi kwamba yatakwisha, ndivyo nilivyo. Ila nikiwa nayo nitakuambia wewe kwanza, usoni, kabla sijapanda ndege."

"Nami nikichoka, nikiogopa, nikifanya upuuzi, nitakuambia wewe kwanza. Hata ule wa kunitia aibu."

"Hata huo."

"Mmemaliza?" mama akadaka simu. "Maana huyu kijana amekaa hapa tangu mchana, na lililomleta amenieleza. Amesema hana maneno mengi, na kweli hakuwa nayo, alilia tu. Anataka kukuoa. Mimi nimemjibu kwamba mtu aliyekosa usingizi siku mbili kwa kuniogopa mimi, sina la kumtilia shaka. Lakini anayeolewa ni wewe, na wewe ndiye uliyemkagua. Kwa hiyo nakuuliza, mwanangu, na ujibu kwa sauti, hapa wote tunasikia. Unamtaka?"

Dada alikuwa mtu wa kuuliza, hakuzoea kuulizwa. Alifungua mdomo akiwa na maswali bado: atakuwa nyumbani siku ngapi, nani atampigia simu dhoruba zikija, atalala vipi yeye usiku wa ukungu. Yote yalikuwa maswali ya haki, na hakuna hata moja ambalo angeweza kupanda ndege kwenda kulitafutia jibu.

"Namtaka, mama."

"Sema vizuri."

"Namtaka!"

Watu wa jirani wakainua vichwa kutoka kwenye simu zao. Huko nyumbani mama mdogo alipiga kigelegele kirefu kilichokwaruza sikio, na katikati yake dada akamsikia Msaidizi akimwuliza mama kama kuna chakula kilichobaki, maana tangu asubuhi hajala.

"Kula," dada akasema huku anajifuta uso. "Kula, mpenzi. Nakuja."

Hakujua atafika saa ngapi, na hakutaja saa.